Dokta, namba za vifo vya uzazi mbona zinapishana?

SWALI: Dokta shikamoo. Nasomea ukunga, tumepewa kazi ya kulinganisha afya ya mama na mtoto mchanga nchi mbalimbali. Sasa Tanzania peke yake nimeikuta na vifo vya uzazi 104 sehemu moja na 238 sehemu nyingine, Marekani nako 21 huku na 32.9 kule. Nishike ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Zote ni kwa kila vizazi hai 100,000, ila hazijapikwa chungu kimoja. Ile 104 ni ya utafiti wa kitaifa wa 2022, wanawake majumbani waliulizwa kuhusu dada zao waliofariki, na 238 ni makadirio ya WHO (Shirika la Afya Duniani) na wenzake ya mwaka 2020, yanapigwa kwa modeli, yaani hesabu za kukadiria, ili hata nchi zisizo na rejesta nzuri ya vifo ziingie kwenye jedwali. Marekani ndo kasheshe, 21 ni ya WHO hiyohiyo ila 32.9 ni ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ya 2021, mwaka wa korona, halafu wenzetu kwenye cheti cha kifo waliweka kiboksi cha kutiki kama marehemu alikuwa mjamzito, majimbo yakaanza kukitumia mojamoja kuanzia 2003, namba ikapanda, na mpaka leo wanabishana vifo vimeongezeka kweli au ni kiboksi tu.

Kwahiyo ukilinganisha nchi shika chanzo kimoja, toleo moja. Ripoti ya WHO iliyotoka 2023 inaipa Sudan Kusini 1,223, Nigeria 1,047, Kenya 530, Norway 2. Usichanganye na toleo jipya maana wakitoa jingine wanarekebisha mpaka miaka ya nyuma.

Kwa watoto wanaozaliwa wafu angalia wiki za mimba: Uingereza inaanza kuwahesabu wiki ya 24, WHO kwa kulinganisha nchi inaanza ya 28, yaani wa wiki ya 25 London yumo, kwenye jedwali la dunia hayumo.

Ila mi ningekuwa wewe ningekaa hapa: tafiti za kitaifa za Tanzania zinaonyesha vifo vya kina mama vimeshuka kutoka 556 (2015-16) hadi 104, ila vichanga wanaofariki kabla ya siku 28 walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 na 2022 wakawa 24. Mama kapona, mtoto je? Anza na njiti (waliozaliwa kabla ya wakati) na waliobanwa pumzi wakati wa kuzaliwa.