Noti za Malkia Elizabeth bado zinatumika?

Ndiyo, ndugu, hizo noti za plastiki zenye sura ya Malkia Elizabeth bado ni halali Uingereza. Noti za Mfalme Charles zilianza kutoka tarehe 5 Juni 2024, na zote zinatumika pamoja. Za Malkia zinaondolewa tu zikichakaa.

Kinachowaponza watu ni karatasi. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliisha muda tarehe 30 Septemba 2022, wiki tatu baada ya msiba, na wengi wakadhani sababu ni kifo chake. Wala! Tarehe ilikuwa imepangwa kabla. Ishike noti yako mkononi: ya plastiki ni laini na ina kidirisha unachoona upande wa pili. Kama ni ya karatasi, Benki Kuu ya Uingereza bado inabadilisha, kaunta yao London au kwa posta.

Stempu ndizo za kuangalia. Zile za kawaida za kichwa cha Malkia zisizo na barkodi zilikufa Julai 2023. Ukizibandika, anayepokea barua ndiye hudaiwa. Stempu za Krismasi zenye picha hazikuguswa.