Kukataliwa mwaka wa kwanza hakukufungii njia ya kuhamia

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama chuo kilichokukataa ukitoka sekondari kinaweza kukupokea ukiomba kuhamia. Ndiyo, vyuo vingi vya Marekani vinaruhusu, na lile jibu la kwanza si hukumu ya maisha.

Ila angalia unakoomba. Chuo binafsi cha Princeton kilisimamisha kupokea wanaohamia mwaka 1990 kikarudisha mwaka 2018, na hadi leo nafasi zake ni chache mno. Chuo Kikuu cha Kalifonia, mfumo wa umma wenye kampasi kadhaa, ni habari nyingine kabisa: kampasi zake za UCLA (Los Angeles) na Berkeley hupokea maelfu kila mwaka, na kipaumbele wanapewa waliosoma vyuo vya jamii (vyuo vya umma vya miaka miwili) vya jimbo hilohilo. Kampasi sita za mfumo huo, kwa mfano Davis na Irvine, hutoa hata ahadi ya nafasi ukitimiza alama na masomo yaliyopangwa. (UCLA na Berkeley hazimo kwenye ahadi hiyo.)

Sasa kazi iko kwenye alama za chuo ulichopo. Ukiomba baada ya miaka miwili, matokeo ya sekondari hupungua uzito sana. Jenga ukaribu na wahadhiri wawili wanaokujua kwa kazi yako, maana barua zao zinahitajika vyuo vingi binafsi. Na kwenye insha usilalamikie ulipo. Eleza somo gani hasa unalolifuata kule ambalo hapo ulipo halifundishwi.

Kabla ya kuhama, uliza ni masomo mangapi yatahesabiwa, na msaada wa ada ukoje kwa wanaohamia.