Jibu: Unga wa kuchezea unanata vidoleni, kesho yake unachacha

Salaam dada. Umesema uko Chumbageni, mvua za masika zimemfungia ndani mwanao wa miaka 2, na ngano uliyomkandia achezee inamnata vidoleni, siku ya pili inanuka.

Kwanza angalia chumvi na moto. Ngano iliyokandwa kwa maji matupu huchacha haraka kwa joto letu la Tanga. Upike: kikombe 1 cha ngano, nusu kikombe cha chumvi laini, kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya kula na 1 cha maji ya ndimu, kikombe 1 cha maji. Koroga ukiwa baridi mpaka madonge yaishe, ndipo ubandike moto mdogo, usonge kwa mwiko kama ugali. Ukiachana na sufuria na kujikusanya donge moja, epua. Kunata kwingi hutokana na kuepua mapema. Ukipoa, ukande, bado unanata? Nyunyiza ngano, kijiko kimoja kimoja. Sembe usijaribu, hupasukapasuka.

Rangi, bizari ya manjano yatosha, ila inatia madoa, basi mtandikie kanga kuukuu. Weka kwenye kopo lenye kifuniko. Chumvi huvuta unyevu wa pwani, ukiuacha wazi usiku utaukuta umelowa.

Chumvi hiyo ni nyingi, akimeza donge ni hatari. Kaa naye. Mpe kijiko, kikombe cha kukatia, chanuo la kuchorea mistari (hilo ndilo wanalolipenda zaidi). Shanga na vifuniko vya soda weka mbali, vinakaba.