Mstari wa mizani 17

Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema hadithi yako imekubaliwa kuingia kwenye mkusanyiko, na sasa wanataka wasifu wako wa mistari mitano. Ukaniuliza: "Baba, niandike kwamba sikio la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasaidiwa na mashine? Nikiandika nitakuwa mwandishi, au mlemavu anayeandika?" Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukasema viziwi hawakuoni kuwa mwenzao kwa kuwa hujui lugha ya alama, na wanaosikia wamechoka kukurudia maneno, kwa hiyo hujui kwenu ni wapi.

Ningeweza kukupigia. Lakini najua kwenye simu unaokota nusu ya maneno na kuitikia "ndiyo baba" kwa yale yaliyokupita, na jambo hili sitaki likupite hata neno. Barua hii nimeipiga kwanza kwa mashine ya Perkins ya nukta nundu, maandishi yetu sisi wasioona, nikaipitia kwa vidole, ndipo nikaiingiza kwenye kompyuta.

Unajua surua ilinichukua macho mwaka 1966, nikiwa na miaka 4, na kwamba mwaka 1971 nilipelekwa shule ya wasioona Buigiri. Ambalo sikuwahi kukusimulia ni habari ya vitabu vyetu. Vilikuwa vichache, vinene kama matofali, na vimepitiwa na vidole vya madarasa mengi kabla yetu. Nukta nundu huchakaa, mwanangu. Kila anayesoma huondoka na chembe ya ile nundu. Sasa, herufi ya L ni nukta tatu zilizosimama wima, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya B ni ya kwanza na ya pili tu. Ile ya tatu ikilala, L inageuka B. Kulikuwa na wimbo wa kubembeleza mtoto katika kitabu kimoja, "Lala mwanangu, lala," nami nikausoma mbele ya wenzangu kwa sauti kubwa: "Baba mwanangu, baba." Sikuelewa kwa nini darasa limeangua kicheko. Usiku, bwenini, kaka mmoja wa darasa la juu akaniambia bila hata kukigusa kile kitabu: "Pale ni lala. Nukta ya tatu ilikufa kabla hujaja."

Kumbe wakubwa walikuwa wameyahifadhi kichwani mapengo yote ya vitabu vile. Ukurasa gani umelala, mstari gani unadanganya. Hakuna mwalimu aliyewafundisha, walipokezana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilijifunza kusoma kwa vidole vyangu na kwa kumbukumbu zao, na mpaka leo sijui kuvitenganisha viwili hivyo.

Na kuna mwingine, ambaye nataka umfikirie sana unaposema wewe hupo huku wala kule. Shuleni kwetu walikuwepo wanafunzi wenye ualbino. Uoni wao ni hafifu, lakini wanaona. Walifundishwa nukta nundu kama sisi, walimu wakiwataka wasome kwa vidole, nao wakizisoma kwa macho kwa siri, karatasi wameiinamisha juani ili kila nundu itupe kivuli. Sisi tuliwatania kuwa si wenzetu. Vijijini kwao, watu waliwaita majina ambayo sitayaandika. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akinisomea ukurasa wa mashairi katika gazeti la Uhuru, pua yake ikigusa karatasi, pumzi yake ikilifanya gazeti lipepee. Alisoma polepole kwa sababu herufi zilikuwa ndogo, na ule upole ndio ulionifundisha kwamba mstari wa shairi una vipande viwili, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane, na vina vinavyoitikiana. Angeona vizuri zaidi, angesoma haraka, nami labda nisingesikia. Angeona vibaya zaidi, asingesoma kabisa. Ushairi ulinifikia kupitia mtu aliyekuwa katikati.

Shairi langu la kwanza niliandika kwa kibao na msumari, unaanzia kulia kwenda kushoto kwa kuwa unatoboa mgongoni mwa karatasi. Yeye akalinakili kwa kalamu ya wino, tukalipeleka posta kwa ajili ya Malenga Wetu, kipindi cha mashairi cha Redio Tanzania. Halikusomwa. Niliendelea kuketi karibu na redio, na kila kabla ya taarifa ya habari ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zilikuwa zinalia. Ulizikuta, ingawa ulikuwa mdogo. Mtu mmoja, ngoma nyingi zimemzunguka, naye haoni. Sisi Buigiri tulijua haoni, na nchi nzima ilijua, wala halikuwa jambo la kufichwa. Lakini ngoma zile zilipolia watu hawakunyamaza kwa kumhurumia. Walinyamaza kwa sababu habari inakuja. Nakuomba ulishike hilo, nitalirudia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2009 nilialikwa kusoma kwenye tamasha la ushairi. Mshereheshaji akasema, "Tumpokee mshairi wetu mlemavu, ambaye pamoja na hali yake ameweza!" Wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nikasoma beti saba, kidole kikitembea juu ya karatasi, ukumbi kimya kabisa. Nilipomaliza makofi yakawa makubwa zaidi. Watu wakaja kunishika mkono, mama mmoja akalia, kijana mmoja akasema nimempa moyo. Kuhusu shairi hakuna aliyesema kitu. Nilirudi nyumbani nikiamini nimetamba.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa wenzangu wasioona, pale kibarazani unapopajua, ambapo wengine husuka vikapu huku tukizungumza. Nikawasomea. Nilipofika ubeti wa tatu, mzee mmoja aliyestaafu uopereta wa simu akanisimamisha.

"Rudia mstari wa tatu."

Nikarudia: "Njia naijua mimi, kwa miguu yangu na fimbo."

Nikasikia kidole chake kikigonga ubao wa kiti, kimoja kimoja, hadi mwisho.

"Kumi na saba," akasema. "Kipande cha pili kina tisa. Hiyo 'yangu' ya nini? Kwani ulitembea kwa miguu ya nani?"

Nilikasirika, mwanangu. Nikabisha, nikasema mshairi ana ruhusa yake. Hakuna aliyeniunga mkono. Mama mmoja aliyekuwa anasuka akasema bila kuacha kusuka, "Kumi na saba, kaka." Nikaondoka mapema. Nyumbani nikaketi jikoni nikahesabu mwenyewe kwa vidole vya mikono miwili. Kwa-mi-gu-u-ya-ngu-na-fi-mbo. Tisa. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mbele ya watu mia kadhaa. Kengele ya Perkins hulia mstari ukikaribia ukingo wa karatasi, lakini haihesabu mizani. Nikaiondoa ile "yangu", ukawa: "Njia naijua mimi, kwa miguu na kwa fimbo." Nane na nane. Mama yako akauliza kwa nini nacheka peke yangu gizani, nikamwambia gizani ndiko ninakokaa siku zote, leo nimepata mstari.

Ule ukumbi ulikuwa umejaa washairi. Wamo waliozijua mizani kuliko yule mzee. Ninaamini kabisa waliusikia mstari unavyopwaya, wakaona afadhali nisiumizwe. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko neno "mlemavu". Waliniona mtu wa kupongezwa, hawakuniona mtu wa kusahihishwa. Pale kibarazani niliambiwa nimekosea na nikatarajiwa kurekebisha, kwa sababu shairi lile lilikuwa la kwao pia, na fimbo niliyoitaja ni fimbo yao.

Kwa hiyo ukiniuliza kwenu ni wapi, mimi nakuuliza: nani anakuhesabia mizani? Usidhani kibarazani ni peponi. Tumegombania michango, tumegombania uongozi wa tawi, na kuna miaka miwili nzima sikukanyaga pale. Nilirudi kwa sababu nilikuwa naandika vibaya.

Habari ya jina la kuitwa usiifanye kubwa mno. Wapo wanaosema "kipofu" na "kiziwi" yanatuweka kundi moja na viti na vikombe kwa ajili ya hiyo ki-. Nami nasema mbona hata kijana na kiongozi wana ki-, na hawajalalamika. Sheria ya mwaka 2010 inasema "watu wenye ulemavu", nami naitumia nikiandika barua za ofisini, kwa kuwa ilipiganiwa na watu ninaowaheshimu. Sisi kwa sisi kibarazani tunaitana vipofu na hakuna anayeumia. Wewe jiite "nina usikivu hafifu" kama ndilo linalokaa vizuri mdomoni mwako. Na hao viziwi, nenda kwao. CHAVITA ni chama chao, wanajua lugha ya alama inafundishwa wapi. Anza kujifunza hata kama sikio la kulia bado linafanya kazi. Hutakuwa umedanganya mtu. Rafiki yangu wa gazeti alisoma nukta kwa macho, na hakuna hata mmoja wetu leo anayeweza kusema hakuwa mwenzetu.

Kitu kimoja zaidi ukizungumza na mchapishaji. Upo mkataba uliopitishwa Marrakesh mwaka 2013, na Tanzania imejiunga, unaoruhusu kitabu kilichochapwa kugeuzwa nukta nundu au sauti kwa ajili yetu bila kwanza kuomba ruhusa ya mwenye haki. Mwambie akupe faili la kitabu, tukitengenezee nakala hapa. Nataka wale wa kibarazani wakusome.

Na wasifu? Andika. Sikulazimishi, sikio ni lako, na ukiliacha nje sitakuona mwoga. Lakini mimi ningeandika, na ningeliweka mstari wa tatu au wa nne, baada ya kazi zako, kwa maneno ya kawaida kabisa: anatumia mashine ya kusikia kwenye sikio la kulia. Watakaokualika watajua wakuketishe upande gani wa meza na wakupe kipaza sauti. Usiandike "licha ya". Mhariri akiiongeza, mwambie aitoe. Wewe hukuandika licha ya sikio lako. Mzee Morris hakupiga ngoma licha ya chochote.

Nasema hivyo kwa sababu hadithi yako ninayo. Nimeisikiliza kwa kompyuta, kwa ile sauti yake inayosoma Kiswahili kama mgeni, na nimeirudia mara mbili. Kurasa tatu za mwanzo ni nzuri sana. Yule bibi anaposikia bei nusu nusu, "…tano" bila kujua ni mia tano au elfu na mia tano, na anatazama midomo ya muuza mchele na bado hapati, pale niliacha chai ikapoa. Hakuna mtu anayesikia vizuri angeandika vile.

Lakini ukurasa wa nne umenikasirisha. Wako pale pale sokoni, mashine ya kusaga inanguruma pembeni, umesema mwenyewe inanguruma, na ghafla kila mtu anasema sentensi ndefu zilizonyooka na yule bibi anazipata zote, hadi nukta ya mwisho. Zile sio kelele za soko unalolijua wewe. Ukurasa ule umeuandika kwa masikio ya kuazima, na ninadhani nimeelewa ni kwa nini. Urudie kabla hujawatumia wasifu.

Jumapili nakuja na basi la asubuhi. Utanisomea ukurasa mpya kwa sauti, nami nitakaa kulia kwako.

Baba yako