Njia ya boti iko sawa lakini vina vimehama: angalia saa kwanza

Ndugu yangu, nimekusoma. Umepima kina cha hori ya Tudor, Mombasa, kwa boti, RTKLIB (programu ya kuchakata data za GPS) inakupa fiksi (jibu la mahali lenye usahihi wa sentimita) karibu safari nzima, lakini mfereji uleule unatokea mara mbili kwenye ramani: mmoja wa mistari ya kwenda, mwingine wa mistari ya kurudi. Tafadhali, mipangilio ya setelaiti usiiguse kwanza.

Kazi kama hiyo ilinikuta Mtwapa. Nilibadilisha besi (kipokezi kinachosimama nchi kavu), nikapandisha kikomo cha pembe ya setelaiti juu ya upeo wa macho kutoka digrii 10 hadi 15, nikaondoa setelaiti moja baada ya nyingine. Siku nne nzima. Kumbe njia ya boti haikuwa na kasoro yoyote. Palipoharibika ni pale nilipoiunganisha na kipima kina.

Tazama kosa linaelekea wapi. Vina vikibaki nyuma ya boti kila upande unaoelekea, na boti ikitulia kosa likatoweka, basi hilo ni la wakati. Saa ya GPS iko mbele ya UTC (saa ya kawaida ya dunia) kwa sekunde 18 tangu Januari 1, 2017. Rova (kipokezi cha kwenye boti) inaandika kwa saa ya GPS, kipima kina mara nyingi kinaandika UTC. Boti ikienda mita 2 kwa sekunde, sekunde 18 ni mita 36. Kwenda unabaki nyuma mita 36, kurudi vivyo hivyo, na mfereji unaachana mita 72! Pima mwachano wako, ugawe kwa mara mbili ya mwendo wa boti. Ukipata 18 au karibu yake, mwizi umeshamshika.

Sasa fungua faili ya .pos (majibu ya RTKLIB) usome kichwa cha safu ya wakati: kimeandikwa GPST (saa ya GPS) au UTC? Kama ni GPST, ongeza 18 kwenye saa ya kipima kina. Usipunguze, maana kosa litakuwa maradufu. Au chakata upya ukichagua UTC, mambo yaishe hapo.

Ile miruko uliyoitaja chini ya daraja la Nyali ni kitu kingine kabisa. Pale anga inazibwa, rova inapoteza hesabu ya mawimbi, na wimbi moja la L1 (masafa makuu ya GPS) lina urefu wa kama sentimita 19. Chakata data kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, ulinganishe. Majibu mawili yakipishana zaidi ya sentimita chache, kipande hicho usikiamini hata kikisema fiksi.

Na kama ulipima baada ya magharibi, hasa Machi au Septemba, ionosifia (tabaka la juu la anga ambalo mawimbi ya GPS hupitia) ya huku kwetu karibu na ikweta huchafuka sana. Mimi kazi ya hori naifanya asubuhi.

Weka hapa kichwa cha hiyo .pos na mwendo wa boti, tuhesabu pamoja.