Wasomaji Wauliza: Wadudu wa Kijitoni

SWALI: Assalaam alaykum. Nyuma ya skuli yetu kuna kijito. Watu wanafulia hapo, na chini yake kuna bonde la mpunga. Klabu ya mazingira ina karatasi ya kutoa alama kwa wadudu wa maji, lakini kila tukiijaza kijito kinatoka "kibaya sana", hata kule juu msituni kusikofika mtu. Tunakosea wapi?
Mwalimu, Wilaya ya Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Huenda kosa si lenu, ni la karatasi. Nyingi za aina hiyo zimetokana na miniSASS ya Afrika Kusini, kipimo cha afya ya mito chenye makundi 13 ya viumbe, ambapo asiyestahimili uchafu ndiye hupewa alama kubwa. Alama kubwa kabisa, 17, anapewa mdudu wa mikia miwili apendaye mawe na mito ya kasi yenye ubaridi wa milimani. Vijito vya Pemba ni vifupi, vya uvuguvugu, na vingi vina mchanga na tope. Mkimngoja huyo mtakesha. Hata TARISS, kipimo cha Tanzania, kilitengenezwa kwa mito ya Bara. Basi kijito chenu kilinganisheni na chenyewe: pahala pamoja juu ya pa kufulia, na pahala pengine mita 50 chini yake.

Pahala hapo pawili pafanane kwa kivuli, kasi ya maji na sakafu. Juu pakiwa na kokoto na miti, chini jua kali na tope, mtakachopima ni kivuli, si sabuni. Halafu kuna mtego wa kisiwani: bahari haiko mbali. Wakati wa bamvua chumvi hupanda kupitia mikokoni, na wadudu wa maji matamu hawaistahimili, kwa hiyo kijito huonekana kimekufa kumbe kimeonja chumvi tu. Nendeni siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa, mchomeke kigingi yalipoishia, wala msipime chini ya hapo.

Wavu ni pete ya waya ya sentimita 30, mfuko wa chandarua wenye kina cha sentimita 50, na mpini wa mita 1.5. Msishone chandarua tabaka mbili: maji hushindwa kupita haraka, yakarudi nyuma na wadudu wakatoka nayo. Anzeni kituo cha chini ndipo mpande juu, ili tope mnalotibua lisiharibu pale msipopima bado. Wavu uelekee maji yanakotoka. Mwenzenu asimame mbele yake na kuchakura kwa mguu: dakika 2 kwenye kokoto, 2 kwenye mizizi na majani yaliyoinamia maji, 1 kwenye mchanga. Tumieni saa. Mwenye bidii akichakura dakika 8 kituo kimoja na mwenzake 3 kingine, hesabu imeharibika.

Mimineni kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo, mkae kimya dakika mbili. Wengi hawaonekani mpaka watembee. Hapa ndipo wanafunzi wanapokosea zaidi: kereng'ende mwembamba akiwa mchanga ana mikia mitatu, na mdudu mwingine, ambaye karatasi humpa alama 11, naye anayo mitatu. Mikia ya kereng'ende ni bapa kama majani. Ya mwenzake ni nyuzi, na ubavuni mwa tumbo ana matamvua ya kupumulia. Nyuzi hukatika, kwa hiyo angalieni matamvua kwanza. Huyo wa matamvua akiwa mwembamba na anaogelea mbio kama kidagaa, alama yake ni 5, si 11.

Kila kundi huhesabiwa mara moja, awe mmoja au mia. Tuseme juu mmepata wa matamvua (11), anayejijengea kifuko cha mchanga (9), kamba (6), kereng'ende mnene (6), mwembamba (4) na kombamwiko wa maji (5): jumla 41, gawa kwa 6, ni 6.8. Chini mkapata mabuu ya nzi (2), minyoo (2), ruba (2), konokono (4) na kombamwiko (5): 15 kwa 5, ni 3. Pengo hilo ndilo jibu lenu.

Angalieni pia nani kaondoka. Wa matamvua wakipotea huku mabuu mekundu yakijaa, oksijeni imepungua kwa uchafu unaooza. Wekundu wao ni kemikali ya damu inayoshika oksijeni. Lakini kamba, kereng'ende na wa matamvua wakitoweka kwa pamoja, minyoo na konokono wakabaki wazima, shukuni dawa ya wadudu kutoka shambani, kwani nyingi huua wenye miguu ya viungo kwanza.

Baada ya mvua kubwa za masika ngojeni wiki mbili, maana mafuriko husomba kila kitu. Kipupwe ni wakati mzuri; rudieni mwezi ule ule kila mwaka.

SWALI: Mwanangu yumo kwenye klabu kama hiyo. Je, kichocho?
Mzazi, Unguja

JIBU: Hofu yako ina msingi. Kichocho cha visiwani ni kile cha mkojo, na konokono wake, Bulinus globosus, anaishi kwenye vijito na madimbwi. Mshike ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama: mdomo uko kushoto. Wako wengine wa kushoto, lakini kila wa namna hiyo achukuliwe mshukiwa. Vimelea hutoka kwa wingi kuelekea adhuhuri, kwa hiyo kazi iishe kabla ya saa 3 asubuhi, na hata hapo viatu vya mpira virefu na glavu ni lazima. Kijana asiye navyo akae ukingoni na sinia. Aliyekwisha kuingia majini miguu mitupu apimwe mkojo kituo cha afya. Dawa ni prazikwanteli.

SWALI: Kijito kikipata alama nzuri, maji yake yanyweka?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Hapana. Wadudu hawa hawajui habari za bakteria wa kinyesi. Chemsheni.