Uyoga mdogo mweupe kwenye gogo: geuza kwanza, jina baadaye

Kila ninapoulizwa "huu ni uyoga gani?" picha huwa imepigwa kwa juu: kofia nyeupe, ndogo kama ukucha, imeng'ang'ania ubavuni mwa gogo linalooza. Picha kama hiyo hainisaidii kitu. Uyoga mweupe unaoota kwenye miti iliyokufa ni wa jamii nyingi zisizo na undugu wa karibu, na weupe wake ndio sifa dhaifu kuliko zote. Ugeuze.

Chini ya kofia utakuta vitundu, au uso laini, au vile vibamba vyembamba vilivyopangana kutoka kwenye shina kwenda ukingoni. Ukikuta vitundu, hayo ni mambo mengine kabisa. Ukikuta vibamba, chukua lenzi ya kukuza mara 10 na utazame makali yake. Kama kila kibamba kinaonekana kimepasuliwa kwa urefu, nusu moja imejikunja huku na nyingine kule, na juu ya kofia kuna manyoya ya kijivu, basi kazi imekwisha: ni Schizophyllum commune. Huo unaota katika mabara yote isipokuwa Antaktika, na ni mmoja kati ya wachache unaoweza kuutaja bila hadubini. Jua likiwaka, zile nusu mbili hujikunja na kufunika sehemu inayotoa spora, yaani chembe za uzazi za uyoga. Mvua ikinyesha hufunguka upya. Huwa napenda kuchukua uliokauka, mgumu kama ganda, nikaulaza kwenye kitambaa kibichi na kuutazama ukijinyoosha. Ni uhakikisho mzuri, na hata watoto huupenda.

Usipokuwa huo, acha kubahatisha majina. Subiri vumbi la spora.

Kata kofia, ilaze kwenye kipande cha kioo vibamba vikiwa chini, funika kwa bakuli, uache usiku kucha. Kofia ndogo hukauka kabla hazijatoa kitu, kwa hiyo weka pamba yenye unyevu ndani ya bakuli, lakini isiguse uyoga. Kioo nakipenda kuliko karatasi kwa sababu asubuhi unaweza kukiweka juu ya kitu cheusi kisha cheupe, na ukakwangua vumbi lote kuwa kirundo kimoja. Safu nyembamba hudanganya macho. Kirundo ndicho kinachoonyesha rangi yenyewe.

Likitoka vumbi la kahawia kwenye uyoga usio na shina, ulioshikamana na mti kwa ubavu, fikiria kwanza Crepidotus. Jenasi hii (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu ukiwa mchanga vibamba vyake ni vyeupe pee, na kahawia huja spora zinapokomaa. Kwa hiyo kwenye gogo lilelile tafuta mkubwa na mdogo, uvilinganishe vibamba vyao. Vumbi jeupe linakupeleka kwingine: Pleurocybella porrigens, ambao huota kwenye miti ya jamii ya misonobari, au Cheimonophyllum candidissimum, mdogo mno, au jamaa wengine kadhaa. Elias Fries, mtaalamu wa kuvu wa Uswidi, alipanga uyoga wenye vibamba kwa rangi ya spora tangu 1821. Uchunguzi wa DNA umevunja makundi yake mengi, ila kwa mtu aliye na kioo na bakuli tu, sioni njia ya mkato iliyo bora kuliko hiyo.

Andika pia mti wenyewe, angalau kama ni wa majani mapana au wa majani ya sindano. Uozo wake hukupa fununu kidogo. Uozo mweupe hula lignini, kitu kinachoupa mti ugumu, na kuacha nyuzi zilizofifia. Uozo wa kahawia hula selulosi, yaani nyuzi za mti, na kuacha mti uliopasuka vipandevipande vya mraba. Lakini gogo moja hukaliwa na kuvu wengi kwa pamoja, kwa hiyo usiubebeshe uyoga ulio mbele yako kila uozo unaouona.

Kufika kwenye spishi ni shughuli nyingine. Crepidotus mollis unaweza kuushuku kwa vidole: ivute kofia taratibu, ngozi yake ya juu hunyumbuka kama mpira kwa sababu ina tabaka la utelezi chini yake. Wengine wa jenasi hiyo wanahitaji hadubini, uone kama spora ni za mviringo au za umbo la lozi, laini au zenye vijiba. Bila hadubini naandika "Crepidotus sp.", yaani spishi fulani ya Crepidotus isiyojulikana, na sioni aibu. Anayetaka zaidi apeleke sampuli ikapimwe eneo la DNA liitwalo ITS, ambalo mwaka 2012 lilipendekezwa kuwa kitambulisho cha kawaida cha kuvu.

Na usile. Pleurocybella porrigens ulihesabiwa kuwa uyoga wa kuliwa, hadi mwaka 2004 ulipohusishwa na vifo vya watu 17 nchini Japani, wengi wao wakiwa na maradhi ya figo kabla ya hapo.

Sampuli ikaushe kwenye hewa ya uvuguvugu, uitie kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa plastiki, maana humo itaota ukungu. Juu ya bahasha andika tarehe, mahali, aina ya mti na rangi ya vumbi, na kile kipande cha kioo ukihifadhi pamoja nayo.